Kaya ya Watu Thelathini na Wawili

Nina miaka hamsini na mmoja. Nina mke na watoto wanne kule Vihiga, na mjukuu ambaye tayari anajua kunidai peremende. Lakini kwa mujibu wa utafiti uliofanywa mtaani kwetu Kabiro mwaka juzi, mimi ni mtoto wa kumi na tisa wa Mercyline Khavere, mwanamke mwenye miaka arobaini na mitatu. Niliuliza jinsi mama anavyoweza kuzaliwa miaka minane baada ya mwanawe, nikaambiwa kwa upole kwamba takwimu hazitazamwi mtu mmoja mmoja, hutazamwa kwa ujumla.

Naitwa Shivachi, fundi wa milango na madirisha ya chuma hapa Kawangware. Habari za Mercyline zimeshaelezwa na wasomi wawili, mmoja kwa hesabu na mwingine kwa machozi, na wote wawili walipongezwa. Mimi sijasoma kiasi hicho, lakini nilikula chakula chake miaka kumi na mmoja, na kuna jambo katika habari hii nililoliharibu mwenyewe nikiwa na ugali mdomoni. Kwa hiyo nami nina haki ya kusema.

Mercyline alikuwa na kibanda cha mabati kando ya barabara, mbele ya ploti tunayopanga sisi mafundi. Alipika kwa utaratibu wake. Mpita njia hakumuuzia. Zamani alijaribu, akaona leo chakula kinabaki anamwaga, kesho kinaisha watu wananuna, naye hapendi kumwaga wala kununiwa. Akaamua kupikia wale tu waliomwambia asubuhi. Unapita ukienda kazini, unasema "niwekee," anaitikia kwa kichwa, imekwisha. Saa saba ukirudi, sahani yako iko. Hakuandika popote. Tulilipa Jumamosi, na aliyejisahaulisha alijikuta hana mdomo wa kusema "niwekee" Jumatatu, maana Mercyline alikuwa na jicho.

Tulikuwa wanaume thelathini na mmoja, wengi kutoka Magharibi ya Kenya: wachomeleaji, maseremala, wapaka rangi, wachukuzi. Mgeni akija na njaa yake aliambiwa chakula kina wenyewe, ajaribu kwa jirani. Kila mtu alikuwa na sahani yake, na Mercyline alitusoma kwa sahani. Vincent, mpaka rangi, aliporudisha ugali nusu siku tatu mfululizo, Mercyline hakumuuliza kitu. Alizima jiko, jambo ambalo hakuwahi kulifanya siku ya kazi, akamshika mkono mpaka hospitali, na huko ikaonekana ni TB. Vincent yuko hai, na siku hizi mkanda haumtoshi.

Mwaka ule tukasikia barabara itapanuliwa na vibanda vyote vitaondolewa. Tukasikia pia kwamba kuna mradi wenye wafadhili utakaojenga soko pale Gatina, vyumba sitini vya mawe, na kumi na viwili kati ya hivyo vitakuwa vya wapishi, kila kimoja na bomba lake la maji. Mercyline alitaka kimoja. Hakuficha. Jumapili akitoka kanisani alipitia Gatina na viatu vyake vizuri, akasimama kutazama mawe yakipangwa. Kwa miaka kumi na minne alikuwa amenunua maji kwa mtungi. Aliniambia kwamba akipika hata siku moja mahali penye bomba, atajua amefika Nairobi. Na zaidi ya hapo, kibanda kikiondoka hakuwa na mahali pengine pa kuweka sufuria.

Ungedhani wenye mradi wangetembea barabarani saa sita mchana wakaandika majina ya wanaopika. Moshi peke yake ungewaongoza. Lakini hiyo ni njia ya watu wasiosoma. Wao walihitaji utafiti, utafiti ukahitaji wataalamu wawili, na wataalamu wawili wakahitaji kutoelewana.

Wa kwanza alikuwa Daktari Ndululu, si daktari wa sindano. Yeye aliamini dodoso: muulize kila mtu swali lile lile kwa maneno yale yale, na akitaka kuongeza neno, mkatize. Wa pili alikuwa Madam Kalondu. Yeye aliamini mahojiano ya kina: keti na mtu mmoja, muulize alijisikiaje, mwache aseme mpaka alie. Ndululu alisema kazi ya Kalondu ni umbea uliopigwa muhuri. Kalondu alisema kazi ya Ndululu ni kuhesabu ng'ombe bila kujua yupi ana maziwa. Walibishana miezi minne katika ofisi yenye chai na samosa, kisha wakagawana nchi kama wakoloni. Dodoso likaja Kawangware. Mahojiano yakaenda Kibera kwa sababu, walivyosema, Kibera kuna hadithi.

Kuna hadithi, sikatai. Binamu yangu Naftaly anaishi humo Kibera, sehemu ya Gatwekera, na amehojiwa mara nyingi kuliko alivyoungama. Sisi wa Kawangware tulikuwa hatujulikani hata kwa shida zetu, na nakiri tulifurahi kidogo kuona kwamba hatimaye kuna mtu ametujia na tableti.

Aliyekuja aliitwa Iman, msichana Mnubi wa Makina kule Kibera, mpole na mwangalifu sana. Hapo ndipo balaa lilipoanzia, maana mvivu angekosea kidogo tu. Iman alikuwa amefundishwa siku tatu, na jambo alilolishika kuliko yote ni maana ya kaya: ni watu wanaokula chungu kimoja na kumtambua mtu mmoja kuwa mkuu wao. Alifika saa saba na dakika tano, sisi tumejipanga kwenye mabenchi, vichwa chini. Akatazama sufuria. Ilikuwa moja.

Akauliza kama tunakula hapa kila siku. Ndiyo. Kutoka sufuria hiyo? Ndiyo. Tunalala wapi? Hapo nyuma, kwenye ploti. Mercyline alikuwa akisonga ugali wa pili na hakuwa na mkono wa kujibia maswali, kwa hiyo Iman akanigeukia mimi niliyekaa karibu. Aliniuliza nani mkuu hapa, yaani nani huamua mambo. Nikaonyesha mwenye mwiko.

"Ni huyu," nikasema. "Hapa hata ukitaka kuoa, unamuuliza yeye kwanza."

Wenzangu wakacheka. Iman hakucheka, aliandika. Nikaona anaandika, nami, badala ya kumwambia ni mzaha, nikaongeza mboga.

Kisha tableti ikadai uhusiano wa kila mmoja wetu na mkuu wa kaya. Thelathini na mmoja si kazi ndogo, na watu walikuwa wanarudi kazini, basi Iman akawaandika wenye ndevu kuwa ndugu na wasio na ndevu kuwa watoto. Asubuhi ile mimi nilikuwa nimenyoa. Halafu likaja swali lililotumaliza: je, kaya hii huuza chakula kwa mtu yeyote asiye wa kaya? Iman akamuuliza Mercyline kama kuna mtu wa nje anayemuuzia. Mercyline akajibu kwa fahari kabisa kwamba wa nje hawauzii hata wakilia. Iman akabonyeza "Hapana," na tableti, kwa hekima yake, ikaruka sehemu nzima ya biashara, kurasa sita, ikatua kwenye maswali ya choo.

Hivyo ndivyo Mercyline alivyoacha kuwa mpishi. Tulichomlipa Jumamosi kiliandikwa kuwa michango ya wanafamilia.

Iman alinieleza baadaye kwamba Daktari Ndululu alipoona kaya ya watu thelathini na wawili alimwita ofisini, akidhani fomu imejaziwa chini ya mti bila kuuliza mtu. Iman akatoa kitabu cha mafunzo, alichokiandika Ndululu mwenyewe, akamsomea maana ya kaya neno kwa neno. Kukubali kwamba Iman amekosea ilikuwa kukubali kwamba kitabu kimekosea, na kitabu kilikuwa na picha yake nyuma. Kaya ikabaki. Wastani wa watu katika kaya za Kabiro ukapanda, na semina ikafanywa kujadili kwa nini tunazaana hivyo.

Katika semina hiyo Madam Kalondu alisikia kuna mwanamke anayeongoza wanaume thelathini na mmoja kwa amani. Aliacha Kibera na hadithi zake zote, akaja Kabiro siku ya pili na simu ya kurekodi na pakiti ya tishu.

Sitamsingizia. Kalondu alijua kusikiliza. Aliketi kwenye benchi saa mbili na nusu bila kutazama saa, na Mercyline, ambaye hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza habari zake tangu mamake afariki, alisema. Alimweleza mume aliyekwenda Kisumu kununua samaki na huu ni mwaka wa tisa. Alimweleza habari za binti yake Annet aliye shule nyumbani, za Vincent na ugali wake, za mitungi ya maji. Akasema waziwazi kwamba yeye ni mpishi, sisi ni wateja wake, na anataka chumba Gatina. Kalondu alilia. Mercyline akalia. Maharagwe yakaungua, na hiyo ndiyo siku pekee tuliyokula maharagwe machungu kwa miaka yote ile. Kabla ya kuondoka Kalondu alimpa fomu ya ridhaa, kurasa tatu, na Mercyline akatia sahihi bila kusoma, kwa sababu alikuwa ananusa sufuria.

Baada ya hapo akatulia. Alisema sasa wamemsikia. Hata mimi niliyekuwa na wasiwasi wa ule mzaha wangu nikapata usingizi.

Mkutano wa kusoma majina ya waliopata vyumba ulifanywa katika ukumbi wa kanisa moja Gatina. Mwenyekiti wa kamati ya soko, mzee mwenye miwani miwili, mmoja puani na mwingine kwenye paji, alisoma wapishi kumi na mmoja, na Mercyline hakuwemo. Kisha akasema chumba cha kumi na mbili kina mwenyewe wa pekee, aliyependekezwa na ripoti ya mahojiano, ukurasa wa arobaini. Akausoma ukurasa huo kwa sauti. Ulikuwa ukurasa mzuri sana. Kulikuwa na mpishi wa Kabiro, mafundi thelathini na mmoja, na kijana mgonjwa aliyegunduliwa kwa ugali. Vincent alikuwa amekaa kando yangu, akaniminya goti. Nilimtazama Mercyline, nikaona anatabasamu huku ameinamisha kichwa, kama bibi harusi.

"Basi chumba cha kumi na mbili," mwenyekiti akamaliza, "tumempa huyu Mama Neema."

Tukatazamana. Mercyline akasimama, akasema huyo ni yeye. Mwenyekiti akamuuliza jina. Mercyline Khavere. Daktari Ndululu akaombwa aangalie kwenye tableti, akaangalia, akasoma: Mercyline Khavere, mkuu wa kaya ya watu thelathini na wawili, hana biashara yoyote. Watu wakageuka kumtazama Madam Kalondu. Yeye alikuwa anatazama viatu vyake.

Kalondu alieleza kwa sauti ndogo kwamba majina katika mahojiano hubadilishwa ili kumlinda mhojiwa. Ameapa mbele ya kamati ya maadili. Hawezi kuthibitisha kwamba Mama Neema ni huyu mama aliyesimama, na hawezi kukanusha. Mercyline akamwambia amempa ruhusa, amtaje. Kalondu akajibu kwamba ruhusa hiyo ingehitaji fomu mpya, na kamati ya maadili itakaa tena baada ya miezi mitatu. Mwenyekiti akamgeukia Ndululu: je, yeye hawezi kurekebisha? Ndululu akasema akigusa fomu moja itabidi arudie Kabiro nzima, la sivyo itakuwa upendeleo. Akaongeza kwamba haya ndiyo matokeo ya kuwapa watu majina ya bandia. Kalondu akasema haya ndiyo matokeo ya kumuuliza mwanamke habari za choo kabla ya kumuuliza anaitwaje. Wakashikana hapo hapo mbele ya madhabahu, huyu na kina chake, yule na upana wake. Wahenga walisema fahali wawili wakipigana ziumiazo ni nyasi, lakini nadhani fahali wa wahenga hawakuwa wakilipwa kwa siku.

Mercyline alikuwa bado amesimama. Alingoja mpaka wakakosa pumzi.

"Daktari, wewe uko na jina yangu na hujui kazi yangu," akasema. "Madam, wewe unajua kazi yangu na jina umeficha. Si muongee tu?"

Ndululu alikohoa, akasema hilo ni wazo zuri mno, kuunganisha njia zote mbili, na kwamba tayari limewekwa kwenye maombi ya fedha za awamu ya pili. Kalondu akaitikia kwa kichwa. Ndiyo mara ya kwanza walipokubaliana. Sisi wanaume thelathini na mmoja tukasimama kutoa ushahidi kwamba huyu ndiye anayetupikia, na mwenyekiti akatusikitikia, akasema mwanafamilia hawezi kumshuhudia mkuu wa kaya yake. Akatangaza kwamba chumba cha Mama Neema kitangoja mwenyewe alete vitambulisho kabla ya Ijumaa saa kumi.

Ijumaa asubuhi nilimpeleka Mercyline Gatwekera kwa Naftaly, kwa sababu hakuna mtu mwingine tunayemjua aliyewahi kuandikwa mara nyingi hivyo. Tulidhani atajua dawa. Naftaly alitukaribisha kwenye chumba chake cha udongo na mabati, akatoa stuli, akasikiliza yote.

"Kwa hizo vitabu nimekuwa Otis," akasema, "nimekuwa Baba Zawadi, mwaka jana nilikuwa bibi ya miaka sitini. Naftaly sijawahi kuwa."

Dawa hakuwa nayo. Alituambia dodoso ni la mtu anayetaka kupewa kitu, na mahojiano ni ya mtu anayetaka kusikilizwa, na anayetaka vyote viwili aende kanisani. Mercyline alicheka kidogo, kicheko cha adabu. Tukarudi kwa miguu. Njiani nilimwambia kwamba ule mzaha wa mkuu ulikuwa wangu, na kwamba najuta. Alisema alinisikia siku ile akisonga ugali, na alipenda nilivyosema, ndiyo maana hakunikatiza. Niliona aibu ambayo sijawahi kuiona, afadhali angenitukana.

Tulifika Gatina saa tisa unusu, tukiwa na wazo la kujaribu tena kwa mwenyekiti, tukakuta watu wanapigiana makofi. Mama Neema amepatikana. Alikuwa mwanamke wa Gatina auzaye vifuniko vya simu, aliyekuwa ameketi safu ya tatu siku ya mkutano na masikio yake. Ana kitambulisho. Ana mtoto anayeitwa Neema, na cheti cha kuzaliwa cha huyo Neema alikibeba kwenye bahasha ya plastiki. Mwenyekiti alikuwa amekagua kwa miwani yote miwili. Hakukuwa na dosari.

Jumatatu vibanda viliondolewa. Mercyline hakungoja tingatinga. Aling'oa mabati yake mwenyewe, akayapanga, akaketi juu yake, akalia mbele ya watu wote, na sisi tukasimama pale kama nguzo. Wiki sita tulikula mandazi na chai. Wengine wakahamia kazi za mbali. Mimi nilipungua mpaka mke wangu, nilipokwenda nyumbani, akaniuliza kama nina kitu sijamwambia.

Basi masharti ya soko yalisema wazi kwamba chumba cha mpishi lazima kipike, kisipopika kinanyang'anywa. Mama Neema wa vifuniko hakujua hata kuchemsha mayai. Akauliza huku na huku ni nani apikaye vizuri, na Kabiro nzima ikamwambia jina moja. Akaja mwenyewe na soda mbili kumwomba Mercyline amfanyie kazi. Mercyline alikaa siku mbili bila kusema na mtu. Karo ya Annet haikungoja, na sufuria ilikuwa chini ya kitanda. Siku ya tatu akaenda.

Chumba ni kizuri. Ukutani kumeandikwa MAMA NEEMA HOTEL kwa rangi nyekundu, kazi ya Vincent, ambaye alikubali akiwa amekunja uso. Bomba linatoa maji asubuhi na jioni. Tulibaki kumi na tisa, na tunatembea mpaka Gatina, ila kusema "niwekee" kumekwisha, kwa kuwa mwenye chumba anataka kila apitaye auziwe. Wageni wanajaa. Hawamjui, wanasoma ukutani, wanaita, "Mama Neema, ongeza supu." Siku ya kwanza hakugeuka. Siku ya pili aligeuka, akatazama mlangoni kama kwamba mwenyewe ameingia.

Alhamisi nilikuwa nimesimama karibu naye nikingoja chakula. Kondakta mmoja akagonga meza kwa sarafu na kuita jina hilo. Mercyline akafunga bomba, akajipangusa mikono kwenye leso, hakunitazama.

"Nakuja," akasema.